Kengele na Bei ya Jumamosi

Siku ya Jumamosi nyumbani kwa kina Kengele ilikuwa na mpangilio wake, na ole wake aliyeuvuruga. Kwanza vyombo, kisha nguo, kisha sakafu ya sebuleni. Saa nne kamili, sakafu ikiwa bado na unyevunyevu, Bibi alivuta kigoda chake karibu na dirisha, akaweka daftari kubwa mapajani, akafungua kalamu yake ya wino mzito na kuita kwa sauti ya mtu aliyezoea kubisha hodi kwenye nyumba za watu:

"Msomaji yuko wapi?"

"Nipo, Bibi!" Kengele aliitikia huku akijifuta povu la sabuni kwenye gauni, jambo ambalo mama yake alikuwa amemkataza mara mia.

Kengele halikuwa jina lake la shuleni. Alibandikwa jina hilo akiwa na miaka minne, kwa sababu hakuna kilichotokea katika nyumba ile asichokitangaza. Maziwa yakifurika jikoni, alitangaza. Mgeni akikohoa kwenye ngazi, alitangaza. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na sauti yake ilikuwa imeongezeka badala ya kupungua.

Bibi alikuwa msoma mita mstaafu. Kwa miaka thelathini na miwili alizunguka mtaa hadi mtaa akisoma mita za umeme. Alifukuzwa na mbwa, alinyeshewa, alibembelezwa na wenye nyumba apunguze namba kidogo tu, naye hakupunguza hata moja. Alipostaafu alipewa kiinua mgongo. Sehemu kubwa aliiweka benki. Kwa sehemu ndogo alinunua hisa mia nne za kampuni moja inayotengeneza programu za simu.

"Hisa ni kipande kidogo cha kampuni," alimweleza Kengele siku alipozinunua. "Kampuni ikifanya vizuri, kipande chako kinapanda bei. Ikifanya vibaya, kinashuka. Na hizi kampuni za teknolojia zina wazimu wake. Watu wanazipenda ghafla, wanazikimbia ghafla. Ni kama joto la mtoto mwenye homa. Asubuhi unacheka, jioni unatafuta daktari."

"Sasa kwa nini umenunua, Bibi?"

"Kwa sababu nimeweka pesa ya kusubiri tu. Miaka saba siigusi. Ikipotea nitanuna, lakini sitalala njaa."

Shida ilikuwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda kwenye macho yote mawili, na mwanamke aliyesoma maelfu ya mita kwenye vichochoro vya giza sasa hakuweza kusoma namba kwenye simu yake mwenyewe. Kwenye daftari aliandika tarakimu kubwa kama mayai, na hata hizo alizisogelea mpaka pua ikagusa karatasi. Kwa hiyo kila Jumamosi Kengele alifungua simu, akatafuta bei ya hisa moja na kuisoma kwa sauti. Aliisoma kama wasoma mita wanavyosoma, tarakimu moja moja, na aliisoma mara mbili.

"Soma," Bibi aliamuru.

"Mbili, nne, sifuri."

"Rudia."

"Mbili. Nne. Sifuri. Bibi! Haijawahi kufika hapo!"

"Hilo sikukuuliza," Bibi alisema, ingawa mdomo wake ulikuwa umeanza kutabasamu. Kuhusu kurudia, alikuwa na maelezo yake. Mara ya kwanza, alisema, mtu husoma anachotaka kukiona. Mara ya pili husoma kilichopo.

Siku nne baadaye Bibi na Mama walirudi kutoka kliniki ya macho. Daktari alikuwa amesema macho yote mawili yanahitaji upasuaji. Pesa iliyotengwa benki kwa kazi hiyo ilitosha jicho moja. Bibi hakulalamika. Lakini asubuhi ya Jumamosi alimimina chai mezani, pembeni kabisa ya kikombe, na chai ikamtiririkia miguuni. Alitafuta kitambaa kwa kupapasa, akapangusa mwenyewe, akageukia ukutani. Kengele aliyaona mabega yake yakitikisika.

Saa nne ilipofika, Kengele alifungua simu. Bei ilikuwa mia moja tisini na sita.

Alimtazama Bibi aliyekuwa amekaa na kalamu tayari, macho yake yenye ukungu yakielekea dirishani. Moyo ukamwuma. Aliona hawezi kumtwika mtu huyu msiba mwingine wiki hiyo hiyo.

"Soma."

"Mbili, tatu, nane," Kengele alisema.

"Rudia."

Kumbe kudanganya mara moja ni kitu kimoja, na kudanganya mara ya pili, umeshajisikia, ni kitu kingine. "Mbili. Tatu. Nane."

Bibi aliandika. "Afadhali," alisema taratibu. "Angalau hisa zimesimama."

Kengele alijifariji kwamba wiki ijayo bei itapanda, itaifikia ile namba aliyoisema, na uongo utafutika wenyewe bila kumdhuru mtu. Si alitaka mema tu? Ndivyo alivyojiambia akianika nguo, na alijiambia mara nyingi mno kwa mtu mwenye dhamiri safi.

Bei haikuwa na habari na Kengele. Jumamosi iliyofuata ilikuwa mia moja sabini na moja. Kengele akasoma mia mbili thelathini na tisa. Kisha ikapanda kidogo hadi mia moja themanini, akashangilia moyoni, akasoma mia mbili arobaini na moja. Kisha ikaporomoka, mia moja arobaini na tisa, mia moja ishirini na sita, mia moja kumi na nane. Kwenye daftari la Bibi ilikuwa mia mbili arobaini, mia mbili arobaini na mbili, mia mbili arobaini na moja. Uongo wa kwanza ulikuwa wa huruma. Huu mwingine ulikuwa wa woga tu, maana angemwambiaje ukweli wa wiki ya sita bila kumweleza uongo wa wiki ya kwanza?

Nyumba ikaanza kupoa. Maziwa yalifurika na hakuna aliyetangaza. Mama, ambaye alifanya kazi kwenye tanuri la mikate na kurudi kila mchana akiwa na unga hadi kwenye kope, alimpapasa paji la uso.

"Mbona siku hizi tunaishi kama tumehama? Unaumwa?"

"Siumwi, Mama."

"Umegombana na mtu?"

"Hapana." Na hilo nalo halikuwa kweli kabisa, kwa sababu alikuwa amegombana na nafsi yake.

Jumatatu moja, Kengele aliporudi shuleni alimkuta Bibi amevaa gauni lake zuri na kilemba cha kutokea. Alikuwa ameketi wima na amechangamka.

"Njoo hapa, msomaji wangu. Madaktari wageni wanakuja kliniki wiki ijayo. Wanafanya macho yote mawili ndani ya siku tano. Nimekwenda leo na mama yako, nimelipia nafasi ya jicho la pili kwa akiba yangu ya mkononi. Salio ni Ijumaa."

"Lakini Bibi, pesa si inatosha jicho moja?"

"Nauza hisa." Bibi alipiga daftari kwa kiganja. "Nilisema miaka saba, najua. Lakini tazama. Wiki sita imekaa palepale, haipandi haishuki. Homa imekwisha. Zote mia nne kwa bei hii zinalipa jicho la pili na chenji inabaki. Alhamisi mama yako akitoka kazini utaniuzia wewe kwenye simu. Nimeshawaambia wenzangu wote wa ofisi ya zamani kwamba mwezi ujao nitawasomea gazeti."

Kengele alitaka ardhi ipasuke immeze. Kwa bei ya kweli, hisa zote mia nne zisingetoa hata nusu ya pesa iliyotakiwa. Bibi angekuwa ameuza kila kitu kwa bei mbaya kuliko zote, na jicho la pili lingebaki na ukungu wake. Hisa ambayo imeshuka bei inaweza kusubiri ipande, ikitaka. Hisa iliyouzwa haina cha kusubiri.

"Mbona kimya?" Bibi aliuliza. "Hufurahi?"

"Nafurahi, Bibi," Kengele alisema, akakimbilia jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Siku ya pili, wakati wa mapumziko, alimwita kando mvulana waliyekaa naye dawati moja. Darasa zima lilimwita Wakili, kwa kuwa alibishana hata na ratiba ya vipindi. Kengele alimsimulia kila kitu huku akichora ardhini kwa kidole cha mguu, asimtazame usoni.

Wakili alipiga mluzi. "Wiki sita? Umejitahidi!"

"Usinicheke. Nisaidie."

"Mbona rahisi? Siku hiyo ukiambiwa bonyeza, sema mtandao umegoma. Siku inayofuata sema umegoma tena. Ijumaa inapita, muda unakwisha, Bibi anafanya jicho moja kama ilivyopangwa mwanzo. Hakuna atakayejua kitu."

"Na Jumamosi akiniambia soma?"

Wakili akasema kwa sauti ndogo, "Basi sijui. Ila ningekuwa mimi, ningeogopa kuliko wewe."

Maneno hayo hayakumsaidia Kengele, lakini angalau hayakuwa uongo.

Alhamisi, saa tisa mchana, wote watatu walikaa sebuleni. Mama alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka tanurini, akawa anachambua maharage kwenye sinia huku akipiga miayo. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, mikono juu ya daftari, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Kengele alishika simu. Aliingiza namba ya siri ambayo Bibi alimnong'oneza, akafika penye neno la kuuza. Kioo kikauliza kama kweli anataka kuuza hisa mia nne. Chini yake kilionyesha jumla ya pesa ambayo ingepatikana, na jumla hiyo ilikuwa ndogo kiasi cha kutia aibu.

"Bonyeza, mjukuu wangu," Bibi alisema.

Kidole gumba kilisimama hewani.

"Bonyeza tu, usiogope."

Kidole hakikushuka. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye maharage. "Vipi, mtandao umegoma?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mama alikuwa amemfungulia mlango bila kujua, na mlango wenyewe ulikuwa mpana. Neno moja tu, ndiyo, lingemtoa Kengele pale salama. Alimtazama Bibi, na kile kilemba cha kutokea ambacho alikivaa tena kwa ajili ya siku hii.

"Hapana, Mama. Mtandao upo." Aliondoa kidole kwenye simu. "Bibi, bei si mia mbili arobaini na moja."

"Ni ngapi?"

"Moja, moja, tano."

Sauti ya maharage kwenye sinia ilikoma. Mkono wa Bibi ulipapasa kalamu, ukaifungua.

"Rudia."

"Moja," Kengele alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Moja. Tano."

"Mungu wangu," Mama alisema. "Yaani imeporomoka hivyo tangu Jumamosi?"

Na huo ulikuwa mlango wa pili. Kengele angeweza kuitikia kwa kichwa, wote wangeilaani kampuni, na yeye angefutwa machozi na kupewa pole. Aliona wazi jinsi ambavyo ingekuwa rahisi, akatikisa kichwa.

"Si tangu Jumamosi. Jumamosi nilidanganya. Na iliyopita. Na ile kabla yake. Zote sita, Bibi. Tangu siku uliyomwaga chai."

Mama aliweka sinia chini kwa kishindo, maharage yakatawanyika sakafuni. "Umefanya nini wewe? Bibi yako amelipa pesa kliniki! Ameutangazia ulimwengu mzima! Hivi una akili timamu? Mtu haoni, anakutegemea uwe macho yake, na wewe unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa wiki sita!"

Kengele alikuwa amejifunika kichwa kwa mikono kana kwamba anazuia mvua ya mawe. Hakuwa na la kujitetea, na hata angekuwa nalo asingelisema. Alijiona mdogo, mchafu, asiyestahili kukaa kwenye sebule ile.

Bibi aliinua kiganja, na Mama akanyamaza.

"Zile namba za kweli," Bibi alisema, "unazikumbuka?"

"Zote."

"Basi soma. Moja moja."

Ilikuwa adhabu kubwa kuliko fimbo. Kengele alisoma bila kutazama simu, maana namba hizo alikuwa akienda nazo shuleni na kulala nazo. Mia moja tisini na sita. Mia moja sabini na moja. Kila alipotaja moja, Bibi alisogeza pua kwenye daftari, akakata namba ya uongo kwa mstari mmoja mnene, akaandika ya kweli juu yake, akasema "rudia". Mara kumi na mbili Kengele alitamka ukweli aliokuwa ameuficha. Kufika ya sita, sauti ilikuwa imekauka kabisa.

Bibi alifunga kalamu.

"Unajua," alisema, "kazini tulikuwa na wasomaji wavivu. Wanakaa kivulini, hawaendi kwenye nyumba, wanakisia. Mimi nilikuwa nawakamata kwa namba zao. Namba ya kukisia huwa laini. Haina kona. Mwezi huu mia mbili, mwezi ujao mia mbili na moja. Umeme wa watu halisi hauko hivyo. Mgeni anakuja, namba inaruka. Mtu anasafiri, inalala."

Kengele aliinua macho taratibu.

"Wiki ya tatu nilijiambia, namba hizi ni laini mno. Hisa ile ya homa imekuwaje ikatulia ghafla? Nikajiuliza hivyo." Bibi alipumua. "Halafu nikajikemea. Nikasema, wewe mzee, huna haya? Unamshuku mjukuu wako kama mwizi wa ofisini? Jumamosi ile nilikununulia karanga, unakumbuka? Zilikuwa za kukuomba radhi moyoni."

Kengele alikumbuka. Alikuwa amezila zote. Aliangua kilio pale pale, akajifunika uso kwa gauni, na hakuna aliyemkataza.

Ijumaa mchana Bibi alimwambia avae viatu, waende kliniki.

"Mama hawezi kwenda nawe?" Kengele aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anaweza. Lakini utakwenda wewe."

Kliniki ilijaa. Watu walikaa kwenye mabenchi marefu, wengine wamefungwa bandeji jicho moja, wote hawana la kufanya ila kusikiliza mazungumzo ya wengine. Karani wa mapokezi, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alipomwona Bibi alitabasamu.

"Shikamoo, Mama wa macho mawili! Umeleta salio?"

"Marahaba. Mjukuu wangu ana maelezo," Bibi alisema, akarudi nyuma hatua moja.

Kengele alishika ukingo wa kaunta. Alihisi mabenchi yote yanamtazama mgongoni. Sauti ambayo zamani ilitangaza hata kikohozi cha mgeni sasa ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa na blanketi.

"Bibi hawezi kulipa jicho la pili. Alitegemea pesa ya hisa. Mimi nilimsomea bei ya uongo. Ndiyo maana alilipia nafasi. Kosa si lake, ni langu."

Karani alivaa miwani, akamtazama vizuri. Mzee mmoja kwenye benchi alicheka kidogo, na mwanamke aliyekuwa kando yake akamwambia anyamaze. Masikio ya Kengele yalikuwa yanawaka moto.

"Pesa ya nafasi haturudishi," karani alisema. "Ila naweza kuisogeza. Madaktari hawa wanarudi baada ya miezi minane. Nafasi ya jicho la pili itakuwepo, salio likiwepo. La kwanza ni wiki ijayo kama kawaida." Aliandika kwenye fomu, kisha akaongeza bila kuinua kichwa, "Watu wazima wengi huja hapa na kunidanganya kuhusu dawa walizomeza. Hawarudi kusahihisha."

Haikuwa sifa, na Kengele hakuichukua kama sifa. Walipotoka nje, Bibi alishika bega lake kama kawaida ili asijikwae. Kengele alikuwa amejiandaa kutoshikwa bega tena, kwa hiyo alitembea kwa uangalifu mno, akimtangazia kila jiwe na kila ngazi.

Siku ile Bibi aliwapigia simu wenzake wa ofisi ya zamani, mmoja baada ya mwingine, akawaambia kwamba atawasomea gazeti kwa jicho moja. Hakueleza sababu. Kengele alisikia kila neno kutoka jikoni, na kila simu ilimchoma upya. Bibi alipomaliza, Kengele alimletea maji ya kunywa.

"Bibi, ungeweza kuwaambia ni mimi."

"Ningeweza. Lakini uliyemkosea ni mimi, si wao."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, Bibi alitazama mikono yake mwenyewe, akageuza viganja, akasema amezeeka sana na hakuna aliyemwambia. Kisha akaona unga kwenye kope za Mama na kucheka mpaka daktari akamwonya.

Jumamosi mbili zilipita bila usomaji, kwa amri ya daktari. Jumamosi ya tatu, vyombo vikiwa vimeoshwa na nguo zimeanikwa, Kengele alikaa jikoni akijishughulisha na kitambaa. Alijua kazi yake imekwisha. Bibi sasa anaona, na mtu anayeona hahitaji kusomewa, hasa na msomaji kama yeye. Alikuwa amejiambia hivyo siku nyingi, na bado alichungulia saa mara kwa mara saa nne ilipokaribia.

"Msomaji yuko wapi?"

Kengele alitoka taratibu, hakuamini. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, daftari mapajani, mkono mmoja ukimnyooshea simu.

"Soma."

Alifungua. Bei ilikuwa imeshuka tena, chini kuliko siku zote. Kwa sekunde moja alimtazama Bibi na lile jicho moja jipya, jekundu kidogo bado, na akatamani kwa nguvu zake zote kumpa namba nzuri. Tamaa ile ilikuwa haijafa. Hilo lilimshangaza na kumwaibisha.

"Moja, sifuri, tisa."

"Rudia."

"Moja. Sifuri. Tisa. Pole, Bibi."

Bibi aliandika. Tarakimu zake sasa zilikuwa ndogo, za ukubwa wa kawaida.

"Pole ya nini? Kaa hapa." Alisogea kumpisha. "Sikiliza vizuri, maana sitarudia, na mimi ndiye mwenye kupenda kurudia. Nilipoinunua hisa hii nilijua inashuka. Ikishuka haijanidanganya, inafanya kazi yake. Inaweza kupanda mwakani. Inaweza isipande kabisa, na nikanuna kama nilivyosema. Hayo nimeyakubali, ndiyo maana niliweka pesa ninayoweza kuikosa. Lakini nitasubirije kama sijui ninasubiri nini? Wewe ulitaka kunizuia nisiumie, ukanifunika jicho la tatu juu ya yale mawili. Nikaona hatari imekwisha, wakati ndiyo kwanza imekolea. Kidogo niuze siku mbaya kuliko zote. Namba mbaya naiweza, mjukuu wangu. Nimeishi na namba mbaya miaka mingi. Nisiyoiweza ni ile ambayo haipo."

"Sitarudia tena," Kengele alisema.

"Utatamani kurudia."

Kengele aliinamisha kichwa. "Nimetamani sasa hivi."

"Najua. Nimekuona." Bibi alifunga kalamu. "Na hukufanya."

Kengele aligeuza simu mikononi, na mwishowe akauliza kile kilichokuwa kinamsumbua tangu alipoitwa.

"Bibi, sasa unaona mwenyewe. Kwa nini umeniita?"

"Kuona naona. Bei nimeshaisoma tangu asubuhi, ulipokuwa unaosha vyombo. Mia moja na tisa." Bibi hakutabasamu wala hakukunja uso. "Ndiyo, nilikuwa nakupima. Kazini, msomaji aliyekisia alifuatwa nyuma na mkaguzi, nyumba kwa nyumba. Hakupenda, lakini alifuatwa."

Uso wa Kengele ulipata moto. Hakulalamika. Aliona ni haki, na kuona kwamba ni haki ndiko kulikomwuma zaidi.

Bibi aliichukua simu, akaizima, akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo akiwa ameketi kwenye kigoda asingeweza kuifikia.

"Jumamosi ijayo sitaisoma bei kwanza," alisema. "Nitakusubiri wewe."